"6 kati ya 49" inachezwaje?
Ndugu, umeuliza mchezo wa bahati nasibu wa "6 kati ya 49" maana yake nini, na kama namba iliyokaa muda mrefu bila kutoka iko karibu kutoka.

Unachagua namba 6 tofauti, kuanzia 1 hadi 49. Kwenye droo hutolewa mipira 6 yenye namba. Mpangilio haujalishi, 7 ikitoka ya kwanza au ya mwisho ni yale yale. Ukipata zote 6 umebeba zawadi kubwa, ila michanganyiko iko 13,983,816 na tiketi yako ni mmoja tu kati ya hiyo. Kupata namba tatu tu kati ya hizo 6 ni kama mara 1 kwa kila tiketi 57, na malipo yake huwa kiduchu.

Hilo la namba "iliyoiva" sahau. Mipira haina kumbukumbu. Hata 1, 2, 3, 4, 5, 6 ina nafasi sawa na mchanganyiko mwingine wowote (nami nilibisha sana mwanzoni). Ubaya wake ni kwamba wengi huichagua, kama wanavyochagua tarehe za kuzaliwa, ambazo hazivuki 31. Zikitoka hizo, zawadi kubwa kwa kawaida mnagawana. Ndiyo maana mimi huchanganya na za juu ya 31: nafasi ya kushinda haiongezeki, wa kugawana nao ndio wanapungua.