Msilipe kitu kabla hamjajua visa ya wa pili

Ndugu wa Nakuru, usiuze hiyo ploti ya Bahati ili kulipia safari. Mnunuzi kama ameshakuja kupima, mwambie asubiri.

Umeandika kwamba ajenti, ambaye mmeshampa pesa ya kwanza, amewapangia hivi: mkeo aende Kanada kusoma diploma ya mwaka mmoja ya usimamizi wa biashara katika chuo kimoja cha Ontario, nawe umfuate kwa kibali cha kazi cha wazi, ufanye kazi yoyote, mlipe karo na kodi ya nyumba. Hicho kibali hamtapewa. Tangu tarehe 21 Januari 2025, mwenzi wa mwanafunzi hupewa kibali hicho ikiwa mwanafunzi anasoma shahada ya uzamili ya miezi 16 au zaidi, au uzamivu, au kozi chache za kitaaluma kama udaktari na shahada ya uuguzi. Diploma ya mwaka mmoja haimo. Ajenti wenu anawauzia sheria iliyokwisha.

Naandika kwa uchungu kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi, ila nchi ilikuwa Uingereza.

Sisi ni wa Kisumu, Mamboleo. Mke wangu ni nesi, amesomea KMTC. Mwisho wa mwaka wa 2023 ajenti mmoja hapa mjini alituambia njia ya unesi ni ndefu mno, kuna IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kuna mitihani ya bodi yao, afadhali aingie kwa kazi ya kutunza wazee. "Na wewe shemeji, miezi mitatu tu unamfuata na mtoto." Tuliuza kiwanja, tukachukua mkopo wa Sacco juu yake, nami nikaacha kazi ili nisikawie kuondoka.

Sasa fuata tarehe. Tarehe 4 Desemba 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza hadharani kwamba wanaokwenda kutunza wazee hawataruhusiwa tena kuja na mume, mke wala watoto. Januari ajenti akapokea pesa zetu. Baadaye siku ya kuanza ikatajwa, 11 Machi 2024, na aliyekuwa ametuma ombi kabla ya siku hiyo hakuguswa. Februari tukamalizia salio. Faili ya mke wangu ikakaa tu. Kila tukipiga simu tunaambiwa nambari ya udhamini haijatoka kwa mwajiri. Ombi likaja kutumwa Machi inakaribia kuisha. Huyo mtu alikuwa anajua. Kazi yake ni kujua! Alichukua pesa ya visa yangu huku akijua visa yangu imeshafutwa.

Tulipokwenda kudai, alitutolea nakala ya risiti. Mimi nilikuwa nimeisoma jumla tu pale chini. Kumbe juu imeandikwa "ada ya ushauri, hairejeshwi". Hakuna neno mume, hakuna neno mtoto, hakuna neno visa. Kwa hiyo angalia risiti uliyopewa ya ile pesa ya kwanza, leo hii, uone imeandikwa nini. Na kanuni za Uingereza zenyewe zinamkataza wakala kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi ya afya au ya kutunza wazee. Ile pesa yote haikupaswa hata kuombwa.

Mke wangu alikwenda, kwa sababu mkopo ulikuwa unadai na wadhamini wangu wa Sacco walikuwa wameanza kunipigia simu. Yuko Leicester. Mimi niko hapa na mtoto, ambaye huongea na mamake kwenye simu kabla ya zamu ya usiku, na akichoka huiweka simu kifudifudi kwenye kochi na kwenda kucheza. Sasa mke wangu anajiandaa kwa mitihani ya NMC, bodi ya manesi ya Uingereza, ili asajiliwe kama nesi, maana nesi aliyesajiliwa bado anaruhusiwa kuja na familia. Yaani anaifuata ile ile njia tuliyoambiwa ni ndefu.

Kwa hiyo nawaomba wewe na mkeo mshike jambo moja: anzeni na visa ya wa pili, yaani yule anayemfuata mwenzake. Visa ya anayetangulia kila ajenti ataisimulia vizuri. Muulizeni wa pili anaingia kwa kifungu gani, ataruhusiwa kufanya kazi au la, na kimeandikwa wapi. Awafungulie ukurasa wa serikali, canada.ca au gov.uk, mbele yenu, msome tarehe ya mwisho kurekebishwa. Akianza kusema "hiyo naishughulikia mwenyewe", simameni mwondoke.

Hebu pigeni hesabu ya mpango wenu ulivyo. Mwanafunzi wa Kanada anaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Hizo ndizo za kuwalisha nyote wawili, wewe umekaa ndani. Kuonyesha benki ni dola 22,895 za Kanada kwa mtu mmoja, kando na karo na nauli, na wewe ukiongezwa kiasi kinapanda. Kisha akimaliza, diploma ya usimamizi wa biashara haimo katika fani ambazo wahitimu wa vyuo vya aina hiyo hupewa kibali cha kazi, tangu Novemba 2024. Mwaka mmoja, ploti imekwenda, mnarudi.

Tena wewe ndiye mwenye digrii ya Egerton! Kwa nini ajenti hakusema usome wewe, uzamili wa miezi 16 au zaidi, mkeo ndiye apate kibali? Vyuo vingi huwalipa maajenti kamisheni kwa kila mwanafunzi, na huyo ana chuo chake cha kujaza. Muulize pia namba yake ya usajili. Anayelipwa kushauri kuhusu visa ya Kanada sharti awe mwanasheria wa huko au mshauri aliyesajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants, na orodha yao iko wazi mtandaoni.

Kuhusu ndoa yenu, kupeleka mahari kwa wazee hakutoshi kwenye faili ya visa. Sajilini ndoa mpate cheti. Mkiamua ya serikali, notisi ni siku 21, basi anzeni mapema, na majina kwenye cheti yalingane na pasipoti herufi kwa herufi.

Mambo ya makoti na mizigo uliyoniuliza yangojee. Nitumie kwanza jina la hiyo kozi kama lilivyo kwenye barua ya chuo, tuisome pamoja kabla hujampigia ajenti tena.