Mwanangu alikwama kisiwani na wenzake, usiku akanywa maji yao. Je, dharura yamsamehe?

SWALI: Asalam alaykum ustadh. Mimi ni mama wa hapa Mombasa, kijana wangu ana miaka 17. Walitoka na boti vijana sita, wengine wa Mji wa Kale, wengine wa Nyali na mmoja mtoto wa bara si Muislamu, hata kuogelea hajui. Injini ikazima, upepo ukawasukuma mpaka kijisiwa cha matumbawe hakina mtu wala kisima, wakakaa siku tatu mpaka wavuvi wakawaona. Walikuwa na mtungi wa lita tano wa maji wakawa wapimiana kwa kifuniko cha chupa. Mwanangu ameniambia juzi akilia kwamba usiku wa pili aliamka akanywa, asubuhi akashukiwa yule mtoto wa bara, wakamtukana na wakamnyima fungu lake siku hiyo, na yeye alinyamaza. Pia alikula kaa, na aliswali kwa kutayamamu mchangani badala ya kutawadha kwa maji. Afanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mamangu, kwanza alhamdulillah amerudi mzima, na pili amekwambia mwenyewe bila kulazimishwa, hiyo si kitu kidogo kwa kijana wa umri huo, kwa hivo usimpigie kelele.

Kaa asimuumize kichwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi kauli yenye nguvu ni kwamba kaa haliwi kwa kuwa aishi majini na nchi kavu, Wamaliki wao wanaruhusu, lakini mtu akiwa na njaa ya siku mbili na hana chengine hata mzoga Allah amemruhusu kwa kiasi cha kumuokoa, soma Suratul Baqara aya ya 173.

Swala sasa. Hapa amekosea kwa kutojua, manake alikuwa amezungukwa na maji. Kuna mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) swali hilihili, sisi twasafiri baharini na maji ya kunywa tunayobeba ni kidogo, tukitawadha kwayo tutapata kiu, je tutawadhe kwa maji ya bahari? Akajibiwa bahari maji yake ni twahara na kilichokufa ndani yake ni halali. Yani chumvi haiharibu udhu. Kwa hivo tayamamu yake haikusihi, zile swala azilipe, siku tatu ni swala kumi na tano hivi, akilipa moja na kila swala ya wakati atamaliza chini ya wiki. Kibla je? Hapa kwetu Makka iko kaskazini karibu sawasawa, kwa hivo ikiwa jua likichomoza alikuwa anaswali liko mkono wake wa kulia basi alielekea vizuri.

Lakini mamangu hayo yote ni mepesi kwa sababu ni baina yake na Mola wake. Nililokaa nalo tangu jana nilivyosoma barua yako ni lile fungu la maji. Watu wafikiri dharura yafungua kila mlango, hapana, mafakihi, wanazuoni wa sheria, wamesema dharura haibatilishi haki ya mwengine, na mwenye dharura hana ruhusa kumnyang'anya mwenye dharura mwenzake, na pale wote sita walikuwa na kiu ileile. Jeshi la Abu Ubayda, sahaba wa Mtume, watu mia tatu, chakula kilipowaishia pwani alikusanya akiba zote pamoja akawa awagawia mpaka ikafika tende moja kwa mtu kwa siku, wakawa waifyonza kama mtoto afyonzavyo kisha wanywa maji juu yake, wakala na majani ya miti mpaka Allah akawatolea samaki mkubwa ufuoni. Kile kifuniko cha chupa cha watoto wako ndo ile tende. Ni amana.

Na kunyamaza kwake ndo kuzito zaidi kuliko kunywa. Wafasiri wa Qur'ani wamepokea kwamba Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105 iliteremka kwa sababu ya mtu wa Madina aliyeiba deraya, vazi la chuma la vita, akataka kumtupia Myahudi asiye na kosa, na jamaa zake wakamtetea kwa kuwa ni wao. Qur'ani ikashuka kumsafisha yule Myahudi. Muislamu kaiba, asiyekuwa Muislamu kasingiziwa, na Allah akasimama na haki ya yule. Mwanao asome mpaka aya ya 112 kwa utulivu, atajiona mwenyewe mle.

Basi toba yake haimaliziki juu ya mswala peke yake. Aende kwa yule kijana amwambie kwa mdomo wake ni mimi niliyekunywa, amuombe halali, kisha awaambie na wale wanne wengine, kwa sababu jina lilichafuliwa mbele yao na mbele yao litasafishwa, si kwa meseji ya pembeni. Akidai kitu alipwe. Mafakihi wetu wamesema aliyeharibu maji ya mtu jangwani wakaja kukutana kando ya mto, atalipa thamani ya maji ya jangwani wala si ya mtoni, kwa hivo asimpelekee chupa ya dukani akaona wamelipana.

Najua ataona haya na pengine atatukanwa. Kama ataogopa kwenda peke yake mlete Ijumaa baada ya swala, nitakwenda naye mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwa yule kijana, nikae nje akiongea.