Mboga za Majani na Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda

SWALI: Daktari, mimi ni mama mkazi wa Jinja, Uganda. Tangu nilipowekewa vali ya chuma moyoni, ninameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila jioni. Majirani walinishauri niache kabisa mboga za majani kama dodo (mchicha), nakati na sukuma wiki kwa kuwa zinaivunja nguvu dawa hiyo. Nimeziacha, lakini sasa fizi zinatoka damu ninapopiga mswaki. Nile nini?

JIBU: Mama, kabla ya habari ya chakula, nenda kapimwe INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, leo au kesho, wala usingoje tarehe yako ya kliniki, kwa maana fizi kutoka damu huenda ni dalili kwamba damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Usiache dawa wala kupunguza vidonge kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani vali ya chuma isiyolindwa huweza kushika bonge la damu, na bonge hilo likifika kwenye ubongo huleta kiharusi.

Majirani wako wana nusu ya ukweli. Mboga za majani zina vitamini K kwa wingi, nayo ndiyo ini huitumia kutengeneza protini za kugandisha damu, ilhali wafarini hufanya kazi kwa kuizuia vitamini hiyo isitumike tena na tena. Kipimo chako cha vidonge kilipangwa ulipokuwa ukila mboga. Ulipoziacha ghafla, dawa ile ile ikazidi nguvu. Kinachotakiwa si kuziacha, bali ni kula kiasi kisichobadilika sana kutoka wiki hadi wiki. Mweleze mhudumu wa kliniki kwamba unataka kuzirudisha, uanze na bakuli dogo, kisha upimwe tena baada ya siku chache, kwa sababu athari ya chakula haionekani papo hapo.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi, nami naona linastahili mkazo, ni majira. Mvua zikinyesha, dodo hujaa bustanini na kila mlo huwa na mboga. Kiangazi kikikaza, fungu linapanda bei na familia inabaki na maharage au mchuzi wa karanga. Mabadiliko hayo huyumbisha INR bila mtu kukosea lolote, basi yataje kila unapokwenda kliniki. Matoke, muhogo na posho (ugali) havina neno, kwani vitamini K yake ni kidogo.

Waragi, ile pombe kali, uiepuke. Vilevile usinunue aspirini, diklofenaki wala metronidazoli bila kumwambia mwuza dawa kwamba unatumia wafarini, kwa kuwa zote huongeza hatari ya kutoka damu. Na dawa za miti shamba, mululuza ikiwemo, zitaje kliniki kabla ya kuzinywa.

Ukipata choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.