Anza na ubuyu, jiko litasubiri

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi huku Kongwa. Nina wanafunzi tisa: sita wana ulemavu wa akili, wawili wana usonji, mmoja ana kifafa. Nilitaka wajifunze kupika, nikaleta jiko la mkaa na unga wa mtama tusonge ugali. Ukaungua, watatu wakalia kwa moshi, mmoja nusura ashike kaa la moto. Mwishowe nikapika mimi, wao wakala. Walimu wenzangu wanasema niwaachie mpira na nyimbo tu. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea kutaka wapike, ulikosea kuanza na ugali. Ugali unawashinda watu wazima wenye akili zao timamu, nina shemeji zangu ni mashahidi. Kusonga kunataka nguvu, macho na haraka kwa pamoja, tena mbele ya moto. Rudisha jiko stoo hadi muhula ujao.

Hapo ulipo mibuyu imekuzunguka. Anza na maji ya ubuyu: hayataki moto wala kisu, na ladha yake kila mtoto wa huku anaijua. Mimi nilikuwa natumia kikombe kimoja cha ubuyu kwa vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Unakoroga hadi kokwa ziachie unga wake, unachuja, unatia sukari, unagawa. Ukiwa na mtoto anayetia kila kitu mdomoni, kokwa zikae mbali naye, zinakaba.

Sasa usianze kumfundisha hatua ya kwanza. Fanya zote wewe, mwachie ya mwisho: atie sukari, agawe, anywe. Akiizoea, mwachie na kuchuja. Kisha kukoroga. Unarudi nyuma hivyo hivyo, hatua moja moja, hadi kunawa mikono. Hapo kila siku mtoto ndiye anayemaliza kazi, na alichomaliza anakinywa. Ukianza na kunawa, atanawa, halafu atakaa nusu saa akitazama mgongo wako.

Asiyeweza kukoroga, weka mkono wako juu ya wake. Baada ya siku kadhaa shika kifundo tu, kisha kiwiko, kisha mwachie. Wengi wetu tunasahau huko kuachia.

Nikwambie na kosa langu. Nilikuwa na kijana mwenye usonji, nikampa kikombe cha bluu nilichokipiga mstari kwa rangi nyekundu ya kucha. Miezi mitatu alipima bila kukosea, nami nikajisifu ofisini. Siku kikombe kilipopasuka nikaleta cha kijani. Alikigeuza, akakinusa, akaenda nacho dirishani akakitupa nje. Kumbe alikuwa amejifunza kikombe, hakujifunza kupima. Nikamwomba mama yake alete chombo cha nyumbani, akaja na kopo la bati analopimia karanga sokoni. Tukaanza upya, leo kopo, kesho kikombe, keshokutwa bakuli. Kwa hiyo wewe badilisha vyombo mapema, na uombe vya nyumbani kwao, maana huko ndiko watakakopikia.

Jiko likirudi, pika mlenda mkavu uliosagwa. Maji yakichemka unatia magadi kidogo, unanyunyiza mlenda huku unakoroga, hauchukui muda. Chora duara la chaki kulizunguka jiko. Anayeingia ndani ya duara ni mmoja tu, aliyevaa aproni, na wewe ubavuni. Aproni iwe moja darasa zima, utaona wanavyoiheshimu. Mwenye kifafa asikae karibu na moto, hata kama anameza dawa zake vizuri. Huyo apime, achambue, agawe mezani, na kazi hiyo uiite upishi kama ya wenzake. Ukitaka kuunga kwa karanga, waulize kwanza wazazi kama kuna mtoto ambaye zinamdhuru.

Hao walimu wenzako usibishane nao. Saa nne, wakati wa mapumziko, wanafunzi wako wapite ofisini na trei ya bilauri za ubuyu. Wiki ya pili waambie sukari imekwisha, wachange.