Gusa Ulipe Mombasa: Anza na Stika Kabla ya Mashine

Mwenye banda la mihogo na madafu pale Mama Ngina, mwenye duka la leso Biashara Street, mwenye mkahawa Mji wa Kale, wote swali linalowajia siku hizi ni moja. Mgeni anatoa simu au kadi, anauliza agusishe wapi. Je, ninunue mashine ya kadi? Jibu letu ni kwamba wengi wenu hamuihitaji bado. Mnachohitaji kwanza ni stika ya NFC, tena iliyowekwa sawasawa. Watu wanapoteza pesa kwa kutojua tofauti ya vitu hivi viwili.

NFC ni mawasiliano ya redio ya karibu sana, kwenye megahezi 13.56, umbali wa sentimita 4 hivi au chini ya hapo. Kadi ya benki yenye alama ya mawimbi, pasipoti ya kielektroniki ya Kenya, na kadi nyingi za milango ya hoteli hutumia masafa hayo hayo. Stika yenyewe haina betri. Imulike juani utaona chipu ndogo kama punje ya ufuta, na kuizunguka kuna uzi wa madini uliozungushwa mara kadhaa, kama ukili unaoanza kushonwa kuwa kitanga. Simu ikikaribia, sumaku yake inaamsha umeme kidogo ndani ya uzi ule, chipu inaamka na kutoa maandishi yaliyoandikwa ndani yake. Kazi yake inaishia hapo. Stika haihamishi pesa hata shilingi. Inaonyesha njia tu. Anayezungumza na benki ni mashine ya kadi.

Ukienda kununua, usiseme tu “nipe stika ya NFC”. Uliza chipu. NTAG213 ina baiti 144 za kuandikia, NTAG215 ina 504, NTAG216 ina 888. Kwa kiungo cha ukurasa au cha WhatsApp, 213 inatosha kabisa, maana inabeba kiungo cha herufi zaidi ya 120. Ukubwa wa 216 unahitajika pale unapotaka kuweka jina, simu, anwani na barua pepe ndani ya stika yenyewe. Ukiletewa MIFARE Classic, chipu ya aina ya zamani, kwa sababu ni rahisi, ikatae: simu nyingi haziisomi. Chagua yenye kipenyo cha milimita 25 au 30. Zile ndogo kama kifungo cha shati zinapendeza, lakini mteja atahangaika kuipata sehemu inayosoma.

Sasa uwekaji, na hapa ndipo Mombasa inapowashinda wengi. Meza ya mabati, kaunta ya chuma cha pua, ubavu wa tuktuk: stika ya kawaida ukiibandika juu ya chuma inakufa papo hapo. Haijaharibika, chuma kinameza ile sumaku ya simu kabla haijafika kwenye uzi. Ukiibandua na kuiweka kwenye kitabu itasoma vizuri, ndiyo maana mwenye duka anadhani simu ndiyo mbovu. Dawa ni mbili. Nunua stika ya kubandika juu ya chuma, ambayo ina tabaka jeusi la feriti mgongoni, au weka kipande cha mbao au plastiki cha unene wa kama sentimita 1 kati ya stika na chuma. Usibandike chini ya meza ya mbao nene ukitarajia isome. Mbao inapitisha, lakini umbali unakwisha.

Chumvi nayo haina huruma. Stika ya karatasi iliyo wazi, karibu na bahari, inaingia unyevu pembeni na uzi unaanza kuliwa. Tafuta iliyofunikwa kwa plastiki ngumu au epoksi, futa sehemu ya kubandika kwa spiriti ikauke, ndipo ubandike. Juani, gundi ndiyo hushindwa mapema, kwa hiyo dashibodi ya tuktuk si mahali pake. Nyuma ya kiti cha dereva, penye kivuli, ni pazuri zaidi. Chipu yenyewe ni ngumu: mtengenezaji wa NTAG213 anaikadiria kuhifadhi maandishi miaka 10 na kuandikwa upya mara 100,000.

Kuandika ni dakika tano. Pakua programu ya kuandikia stika kwenye simu yenye NFC, chagua kuandika kiungo, kiweke, gusisha. Kwa WhatsApp, kiungo ni wa.me/ kikifuatwa na nambari kuanzia 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukianza na 07 hakitafanya kazi. Kisha jaribu kwa simu mbili tofauti, moja ya Android na moja ya iPhone, kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Wengi hufikiria kuweka msimbo wa nyota na reli ndani ya stika ili simu ipige yenyewe. Usihangaike. iPhone inakataa kupiga nambari yenye nyota au reli kutoka kwenye kiungo, na Android itaishia kufungua sehemu ya kupigia simu tu. Njia inayofanya kazi ni ukurasa mdogo wa wavuti wenye jina la biashara, nambari ya Till (ile ya biashara ya kupokelea M-Pesa) kwa maandishi makubwa, na kitufe cha kuinakili. Mteja anagusisha, ananakili, anafungua M-Pesa, analipa. Haina mbwembwe, lakini inaondoa kosa la tarakimu moja linalompelekea mtu mwingine pesa zako.

Ukiwa na fundi wa programu, unaweza kwenda hatua moja mbele kwa kutumia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo. Ukurasa unamwomba mteja nambari ya simu, seva yako inatuma ombi, na ujumbe wa kuweka PIN unamtokea kwenye simu. Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo bidhaa hutoka bila pesa kuingia. Jibu la kwanza lenye ResponseCode 0 lina maana ombi limepokelewa. Mteja hajalipa! Malipo yamekamilika pale seva yako inapopokea jibu la pili lenye ResultCode 0. Ukipata 1032, mteja ameghairi. 1037, simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. 1, salio halitoshi. 2001, PIN si sahihi. Mwambie fundi kioo cha kaunta kibaki chekundu mpaka jibu la pili lije, na mfanyakazi asikabidhi kitu kwa kuonyeshwa simu ya mteja.

Kila kitu kikishakubali, funga stika. Programu ile ile ina chaguo la kuifunga isiandikwe tena, na kufunga huko hakurudishwi nyuma, kwa hiyo kiungo kielekee kwenye ukurasa unaoumiliki wewe. Ukibadili Till, unabadili ukurasa na stika inabaki. Usipoifunga, mtu yeyote mwenye simu anaweza kusimama pale kama mteja, akagusisha sekunde mbili, na kuanzia hapo wateja wako wanapelekwa kwenye Till yake. Jambo hili linatutia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu halionekani kwa macho. Kuna na wizi wa pili ulio mwepesi zaidi: kubandika stika nyingine juu ya yako. Andika jina la biashara juu ya stika kwa chapa isiyofutika, na kila asubuhi anayefungua duka aigusishe kwa simu yake na kusoma Till inayotokea.

Si kila simu ina NFC. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa mjini hazina kabisa, na kwenye Android nyingine ipo lakini imezimwa kwenye mipangilio. iPhone kuanzia XS na XR za mwaka 2018 zinasoma stika bila kufungua programu, mradi kioo kimewaka, na antena yake iko ukingo wa juu. Android nyingi antena iko mgongoni, katikati au karibu na kamera. Kava lenye bamba la chuma la kushikia simu garini linazuia kila kitu. Kwa hiyo bango la kaunta liwe na vitu vitatu pamoja: stika, msimbo wa QR, na nambari ya Till iliyoandikwa kwa wino. Atakayekosa kimoja atapata kingine.

Tuje kwenye mashine ya kadi. Ina maana kwa anayeuzia wageni: Nyali, Diani, mikahawa ya Mji wa Kale, wauza vinyago, waendesha ziara za baharini. Mgeni wa Ulaya amezoea kugusisha kadi au simu, na hana laini ya Kenya. Akikosa pa kugusisha anaahirisha kununua, na kesho yuko kwenye ndege. Lakini kwa duka la mtaani Kisauni ambalo karibu kila mteja ana M-Pesa, mashine itakaa ikishika vumbi huku ikikutoza.

Kabla hujatia sahihi, muulize anayekuletea maswali haya na uandike majibu: asilimia inayokatwa kwa kila malipo, tofauti yake kwa kadi za nje, kodi ya mwezi hata usipouza, siku ngapi pesa kufika kwenye akaunti, kiasi gani mteja anagusisha bila PIN, na nani anabeba hasara mteja akipinga malipo akiwa kwao. Hakikisha inapokea laini ya simu pamoja na Wi-Fi. Umeme ukikatika kipanga njia cha Wi-Fi kinazima lakini laini inaendelea. Siku hizi pia zipo programu zinazogeuza simu ya Android yenye NFC kuwa mashine ya kadi. Kwa muuzaji anayetembea ufukweni hizo ni bora zaidi, ila uliza kwanza kama benki yako inazitoa.

Mteja akiogopa kukatwa mara mbili, mweleze: mashine inafunga malipo moja kwa kila kiasi ulichoingiza, hata akigusisha tena. Kinacholeta shida kweli ni pochi yenye kadi mbili ndani. Mashine inaona zote na kukataa au kuchukua isiyokusudiwa. Atoe kadi moja.

Soko linaelekea wapi? Tazama tulikotoka. Mwezi Aprili 2013 Google na Equity Bank walileta BebaPay, kadi ya kugusisha kwenye matatu, na serikali ikaweka tarehe za mwaka 2014 za kuacha pesa taslimu. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa. Mwaka 2017 Safaricom ikajaribu M-Pesa 1Tap mjini Nakuru, kwa kadi, stika na bangili. Leo ukipanda matatu ya Ukunda bado unalipa makanga mkononi au kwa nambari. Chipu zilifanya kazi. Kilichokwama ni kwamba nauli hupanda mvua ikinyesha, makanga anatoa humo humo pesa ya mafuta na hesabu ya tajiri, na kila kampuni ilikuja na kadi yake isiyosomeka kwa jirani. London iliacha pesa taslimu kwenye mabasi Julai 2014 kwa sababu mamlaka moja ndiyo iliyopanga nauli na kukusanya.

Kwa hiyo tunaona NFC ikikua haraka pale penye lango moja na mwenye lango mmoja. Kivuko cha Magogoni kule Dar es Salaam kinatoza abiria wa miguu, na N-Card, kadi ya kugusisha ya kule Tanzania, ikapata kazi pale. Likoni watu wa miguu wanavuka bure, hakuna cha kugusisha. Shule yenye mkahawa wake, uwanja wa michezo, klabu ya mazoezi, hoteli inayomfungulia mgeni mlango na kumwandikia bili ya chakula kwa bangili moja: hao ndio watakaonunua vifaa miaka hii. Kwenye simu nako njia inafunguka. Mwaka 2024 Apple ilikubali mbele ya Tume ya Ulaya kuwaachia wengine watumie antena ya NFC ya iPhone kulipishia, bila kuwatoza ada, na mwaka 2025 NFC Forum, muungano unaopanga kanuni za NFC, ilitoa kanuni mpya zinazopanua umbali wa kugusisha uliothibitishwa kutoka milimita 5 hadi sentimita 2. Kwa mteja anayetafuta tafuta sehemu ya kugusisha, hilo ni jambo kubwa.

Ukiwa wewe ndiye mwenye hoteli, kagua kadi za milango yako mwezi huu. Usiri wa MIFARE Classic ulivunjwa na watafiti mwaka 2008, na Agosti 2024 ukagunduliwa mlango wa siri ndani ya chipu ya kuiga iitwayo FM11RF08S, ambayo imeenea kwenye kadi za bei rahisi. Kadi hizo zinanakiliwa kwa dakika chache. Muulize aliyekufungia vitasa kama vinakubali chipu zenye ulinzi bora, DESFire EV2 au EV3, na akikwambia “nambari ya kadi haifanani, haiwezi kuigwa”, usikubali: nambari hiyo inasomwa na simu yoyote, na kadi tupu za kuandikia nambari unayotaka zinauzwa waziwazi. Vitasa vikiwa vya zamani visivyoweza kukubali kadi hizo, anza kuweka vipya kwenye stoo, ofisi ya fedha na vyumba vya ghorofa ya chini.