Spika Inayozungumza na Mama

Mama yangu, mwalimu mstaafu wa kutoka Tanga, alipohamia kwetu hapa Leicester, Uingereza, kilichotutia hofu zaidi si baridi bali upweke wa mchana, kwani sote hushinda kazini. Ndipo tulipoweka sebuleni spika janja yenye chatiboti, yaani programu inayozungumza na mtu, tukaiunganisha na taa, mfumo wa kupasha nyumba joto na kufuli la mlango. Kwa anayefikiria kumwekea mzazi wake kifaa cha namna hii, ushauri wangu ni huu: kiachie kazi ya kuwasha taa na kukumbusha, lakini usikifanye shahidi.

Mama humeza dawa ya shinikizo la damu kila asubuhi. Siku moja hakukumbuka kama ameshaimeza, akaiuliza spika, nayo ikamjibu kwa upole kwamba ameshaimeza. Ilijuaje? Haina macho, wala hakuna aliyeiambia. Ilichokuwa nacho ni kumbukumbu kwamba saa mbili ilimkumbusha, na kwa kuwa programu hizi huunda jibu kwa kukisia maneno yanayoelekea kufuatana, bila kuhakikisha kama jambo lenyewe limetendeka, ikatoa jibu lililofanana na ukweli. Jioni nilihesabu vidonge nikakuta hakuna kilichopungua. Tangu siku hiyo tunatumia kikasha chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya juma, na mama akiwa na shaka hufungua kifuniko akatazama mwenyewe.

Simlaumu kwa kuiamini. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT, nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu yake ELIZA, ambayo aghalabu iliyageuza tu maneno ya mtu yakawa swali. Hata hivyo katibu muhtasari wake, aliyekuwa amemwona akiiunda kwa miezi kadhaa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Sembuse mzee anayeshinda peke yake na sauti inayomjibu kwa adabu kila anapoita.

Kufuli la mlango nililiondoa kwenye mfumo, kwa sababu hata sauti ya televisheni inaweza kupokelewa kama amri. Wageni wakija, tunazima maikrofoni kwa kitufe chake. Rekodi za sauti nazifuta kila mwezi, na ninakusihi usiipuuze kazi hiyo: mwaka 2023 kampuni ya Amazon, yenye spika janja za Alexa, ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani kutokana na madai kwamba ilihifadhi rekodi za sauti za watoto kinyume cha sheria.

Limebaki jambo ambalo mipangilio haiwezi kulitatua. Spika yetu haielewi Kiswahili, hivyo mama hulazimika kuzungumza nayo Kiingereza mchana kutwa, kama aliyerudi darasani. Kwa hiyo kila siku saa saba mchana ninampigia simu. Katika simu hizo ndimo nilimojua kwamba goti lake la kushoto limekuwa likimsumbua tangu majira ya baridi yalipoanza.