Filamu za zamani kwenye Blu-ray na 4K: namna ya kuitambua diski iliyosafishwa kupita kiasi

Ukiweka diski ya filamu ya miaka ya 1950 au 1960 kwenye televisheni mpya ya inchi 55, utaona picha ina mchanga unaochezacheza: ukutani, angani, hata kwenye paji la uso la muigizaji. Wengi hukimbilia rimoti, wakatafuta palipoandikwa "Noise Reduction" na kupandisha hadi mwisho. Picha inatulia, na undani uliolipia unaondoka nayo.

Mchanga ule ni chembe za mkanda wenyewe. Mkanda wa filamu hunasa mwanga kwa chembe za chumvi ya fedha zilizotandazwa ndani ya jelatini. Kwenye mkanda wa rangi, fedha huondolewa maabara na mahali pake hubaki vijiwingu vya rangi. Hakuna fremu mbili zenye mpangilio mmoja wa chembe, na kwa kuwa fremu 24 hupita kila sekunde, jicho huona kitu kinachochemka. Lakini nyuzi za shati, vinyweleo vya mkono na nyufa za ukuta vyote vimechorwa kwa chembe hizohizo. Programu ya kupunguza chembe hulinganisha fremu zinazofuatana, na kisichojirudia inakifuta. Haina namna ya kujua kwamba ilichofuta kilikuwa ndevu.

Watengenezaji wa diski nao hufanya hivyo, na ikishachapwa huna kitufe cha kurudisha. Blu-ray ya Predator ya mwaka 2010 ndiyo inayotajwa kila mahali: filamu ya 1987 iliyojaa chembe, nyuso zikatoka za nta. Kwa anayetaka kujifunza, Spartacus ya 1960 ina faida zaidi kwa sababu ina matoleo mawili ya kulinganisha. Ilipigwa kwa Technirama, mfumo unaopitisha mkanda wa milimita 35 kwa mlalo, kila fremu ikichukua matundu manane ya pembeni badala ya manne, hivyo negativi yake, yaani mkanda uliopita ndani ya kamera, ni kubwa takriban mara mbili ya kawaida. Blu-ray ya 2010 ilitoka kwenye masta (nakala kuu ya kuchapia diski) ya zamani iliyofutwa chembe na kunolewa kingo. Mwaka 2015 likaja toleo jingine kutokana na skani mpya ya 6K (pikseli kama elfu sita kwa upana), na Robert A. Harris, aliyeshiriki kuongoza ukarabati wa 1991, akahusika tena. Ni filamu ileile, lakini kwenye toleo la pili ngozi ni ngozi na chuma ni chuma. Patton nayo ina diski ya 2008 iliyofutwa na ya 2012 iliyorekebishwa. Ukikuta filamu hizi za mtumba kwa bei ya kutupa, soma mwaka wa toleo nyuma ya kasha kabla ya kutoa pesa.

Kuipima diski hakuhitaji mashine. Tafuta sura ya karibu yenye mwanga wa kutosha, simamisha picha, kisha isogeze fremu moja moja. Chembe zinapaswa kubadilika kila fremu. Zikiganda mahali pamoja huku uso unasogea chini yake, ujue programu imepita hapo. Angalia pia nywele zinapokutana na mandhari ya nyuma: zikiwa bonge moja lisilo na nyuzi, ni dalili ileile. Ukiona mstari mweupe mwembamba unaozunguka kofia nyeusi au nguzo ya umeme, hiyo ni kingo iliyonolewa kwa kompyuta, maana hakuna lenzi inayochora mstari wa namna hiyo. Kisha nenda kwenye ukungu, moshi, au pale picha inapofifia kwenda gizani. Vikitokea vijiraba, tatizo ni mgandamizo wa faili wala si ukarabati.

Kuna mambo yanayolaumiwa bure. Picha moja inapoyeyukia nyingine, utaona ubora unashuka ghafla sekunde kadhaa kabla, chembe zinaongezeka, halafu kila kitu kinarudi sawa shoti inayofuata. Zamani myeyuko huo ulitengenezwa kwa kupiga upya picha zote mbili kwenye mkanda mwingine, kwa hiyo kipande hicho ni nakala ya nakala tangu siku filamu ilipotoka. Vivyo hivyo maandishi ya mwanzo na shoti za kuunganisha picha mbili. Sura laini za waigizaji wa kike wa miaka ya 1930 na 1940 zilipigwa kwa makusudi na kioo cha kulainisha mbele ya lenzi. Mimi huanza kushuku pale myeyuko na shoti za kawaida zinapofanana kabisa: mtu amepiga pasi kila kitu.

Kinachoamua ubora kabla ya yote ni mkanda uliowekwa kwenye skana. Negativi ya kamera ndiyo mama. Kutoka kwake hutengenezwa pozitivi ya kati, kutoka hiyo negativi ya pili, kisha nakala za kuonyeshea sinema. Kila hatua inapunguza ukali na kuongeza chembe na kontrasti. Kwa hiyo sentensi ya thamani kwenye kasha ni ile inayosema skani mpya ya 4K kutoka negativi asilia ya kamera. Neno "remastered" peke yake halikuambii kitu. Linaweza kumaanisha masta ya miaka 15 iliyoongezwa mwanga. Na kama negativi imepotea, ikabaki nakala ya kizazi cha tatu, diski ya 4K haitakupa undani mwingi kuliko Blu-ray nzuri. Nunua Blu-ray, bakiza pesa.

Kwa rangi, mfano ulio karibu nasi ni The African Queen ya 1951, iliyopigwa Uganda na Congo ya wakati wa Wabelgiji, Jack Cardiff akiwa nyuma ya kamera ya Technicolor. Kamera hiyo haikutumia mkanda wa rangi. Ndani yake mlikuwa na prizimu iliyogawa mwanga kwenda kwenye mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe: mmoja wa kijani peke yake, na miwili ya bluu na nyekundu iliyobanwa pamoja. Mwanga wa mkanda wa nyekundu ulipita kwanza kwenye ule wa bluu, ndiyo maana rekodi ya nyekundu huwa na ukali mdogo tangu asili. Tena mikanda ikikaa miaka mingi inasinyaa, na kila mmoja unasinyaa kivyake. Ukiipachika tena pamoja bila kuisahihisha, rangi zinapishana na kila kitu kinapata pindo jekundu upande mmoja na la kijani au bluu upande wa pili. Ukarabati uliotoka kwenye Blu-ray mwaka 2010 uliskani mikanda yote mitatu na kuinyoosha kwa kompyuta hadi ikalingana. Ukitaka kujua kazi kama hiyo imefanywa vizuri, tazama weupe wa macho na kola za mashati meupe, hasa kwenye pembe za picha, maana katikati ni rahisi kulinganisha.

Kuanzia 1950 Eastmancolor ilileta mkanda mmoja wenye matabaka matatu ya rangi. Ulikuwa rahisi, kamera yoyote iliutumia, lakini rangi zake hazikudumu. Nakala nyingi za kuonyeshea za kabla ya miaka ya 1980 zimegeuka waridi. Negativi nazo hupauka, ingawa tabaka linalotangulia kwisha si lilelile kila mara. Wakarabati hupona pale studio ilipotengeneza nakala tatu za nyeusi na nyeupe za kila rangi, au pale palipobaki nakala ya Technicolor iliyochapwa kwa wino, ambayo haipauki, ya kuwaonyesha rangi zilivyokuwa. Vinginevyo ni kukisia, na kukisia kuna mitindo. Toleo lililokarabatiwa la The Good, the Bad and the Ugly la 2014 lilitoka la njano kiasi kwamba matoleo yaliyofuata ilibidi yalirekebishe. Kipimo chepesi ni vitu vinavyojulikana kuwa vyeupe: mashuka, karatasi, mawingu ya mchana. Vyote vikiwa na rangi ya chai katika kila tukio, ndani na nje, mtu amemwaga rangi juu ya filamu nzima.

Usitulizwe pia na maneno kwamba mwongozaji ameidhinisha. Blu-ray ya The French Connection ya 2009 ilibadilishwa rangi na William Friedkin mwenyewe, na mpiga picha wake, Owen Roizman, akalalamika hadharani. Mwaka 2012 likatoka toleo lingine lenye rangi za kawaida. Mtu akifikisha miaka 70 ladha yake huwa imebadilika, na haki ya kubadilisha anayo, ila mnunuzi naye ana haki ya kujua.

Ukijiuliza kwa nini kazi hizi hulipuliwa, piga hesabu. Filamu ya saa mbili ina fremu 172,800. Skani ya 4K ya fremu nzima ni karibu MB 50, kwa hiyo filamu moja inakaribia TB 9 kabla hujagusa kitu. Fundi makini hukagua maungio, hukarabati matundu yaliyochanika, husafisha mkanda, na hupitisha mkanda wenye mikwaruzo kwenye kimiminika kinachojaza mikwaruzo ya upande wa nyuma ili mwanga upite bila kuiona. Kisha huondoa vumbi kwa mkono palipobaki. Njia ya mkato ni kuiachia programu ifute chochote kinachotokea kwenye fremu moja tu. Inafuta vumbi kweli, na pamoja nalo matone ya mvua, cheche za moto na mpira unaoruka kwa kasi. Tukio la mvua ni mtego mzuri wa kupimia diski.

Chembe zinakula nafasi kwa sababu hazijirudii. Filamu ya saa mbili kwa Mbps 30 (megabiti 30 kila sekunde) inachukua GB 27, nayo Blu-ray ya tabaka moja ina GB 25, ya matabaka mawili GB 50. Ukiona filamu ndefu pamoja na saa tatu za ziada kwenye diski ya GB 25, jua kuna kilichobanwa. Diski za 4K huwa na GB 50, 66 au 100. Linganisha na faili la GB 2 unalowekewa kwenye flashi kibandani: kwa saa mbili hiyo ni kama Mbps 2.2, na chembe zote zimegeuka tope. Ni kwa kuzoea tope hilo ndipo picha halisi inaonekana chafu.

Sasa televisheni. Chagua "Filmmaker Mode" kama ipo, la sivyo "Cinema" au "Movie". Zima kulainisha mwendo: Sony huiita Motionflow, LG TruMotion, Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity. Hiyo ndiyo inayoifanya filamu ya 1960 ionekane tamthilia ya jioni. Zima kila aina ya kupunguza chembe. "Sharpness" iwe sifuri kwenye Samsung, lakini kwenye Sony nyingi 50 ndiyo katikati. Ukishusha hadi sifuri unaififisha picha. Joto la rangi liwe "Warm". Siku mbili za kwanza utaona njano, jicho litazoea. Zima kuokoa umeme, maana hufifisha picha za HDR (zenye mwanga mkali na giza nene kuliko kawaida). Upande wa deki, washa utoaji wa 24p (fremu 24 kwa sekunde, kama filamu yenyewe), na kwa diski za 4K fungua mpangilio wa HDMI wa rangi nyingi kwenye televisheni, ambao mara nyingi hufungwa kiwandani, na tumia waya unaobeba Gbps 18. Picha ikikatika kwa sekunde au ikiwa na vidoti vyeupe, badilisha waya kwanza.

Hakikisha pia televisheni haivuti picha. Filamu nyingi za kabla ya 1953 zina umbo la karibu 1.37 kwa 1 (upana kwa urefu), kwa hiyo kwenye kioo cha leo lazima ubaki weusi kushoto na kulia. Zile pana za 2.39 huacha weusi juu na chini. Ukibonyeza "Zoom" unakata kichwa cha mtu.

Urefu wa kioo cha inchi 55, juu hadi chini, ni kama sentimita 68. Picha ya HD, yaani ya Blu-ray, hutazamwa vizuri kutoka mara tatu ya urefu huo, yaani mita 2, na ya 4K kutoka mita 1 hivi. Hakuna anayekaa mita moja sebuleni. Kwa kochi lililo mita 3, pikseli za ziada hazionekani. Unacholipia kwenye 4K ni skani mpya, mgandamizo mwepesi na HDR. Hiyo HDR ikikufanya ukunje macho kila dirisha linapotokea kwenye filamu ya 1955, mchanganya rangi amezidisha.

Sauti: filamu nyingi za zama hizo ni mono, yaani sauti ya njia moja. Kukiwa na mono asilia na 5.1 (ya spika sita) kwenye menyu, chagua mono.

Mwisho angalia kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa, kwa sababu maduka ya mtandaoni hayakuulizi. Afrika Mashariki ipo kanda B kwa Blu-ray, pamoja na Ulaya, na kanda 5 kwa DVD, wakati DVD za Uingereza ni 2. Diski nyingi za Marekani ni za kanda A na deki ya hapa itazikataa, isipokuwa zile zisizofungwa. Diski za 4K hazina kanda, ila Blu-ray inayofuatana nayo ndani ya kasha hilohilo inaweza kuwa nayo.